Karani Habakuki na Namba Mia na Kumi na Saba

Habakuki, mwana wa Eliasi, alikuwa na ugonjwa mmoja tu maishani mwake, nao ulikuwa kuchukia kichumba kitupu. Sisemi chumba cha kulala. Nasema vile vichumba vidogo ambavyo karani huvichora kwa rula kwenye daftari, majina yakishuka upande huu, siku zikienda upande ule, kila siku na kichumba chake. Kikiwa na alama, Habakuki alipumua. Kikiwa kitupu, ugali ulimshinda.

Alizaliwa Magoma, chini ya milima, na baba yake alikuwa mpiga kengele wa kanisa. Sasa mtoto aliyelelewa na kengele hajui kuchelewa. Misheni walimfundisha kusoma na kuandika, stesheni ya Korogwe ikamfundisha kuhesabu marobota ya mkonge yakipakiwa kwenye mabehewa, na mwaka 1934 akaajiriwa na kampuni ndogo ya Mgiriki mmoja, upande wa Makuyuni. Wafanyakazi walimwita Mgiriki huyo Bwana Kofia, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona utosi wake. Makampuni makubwa ya mkonge yalikuwa na makarani sita, mashine za kupiga chapa na wahasibu waliovaa miwani. Kampuni ya Bwana Kofia ilikuwa na Habakuki.

Siku ya kwanza alipouliza habari za wafanyakazi ziko wapi, Bwana Kofia alimwonyesha debe. Debe la mafuta ya taa, kweli kabisa, limejaa karatasi zilizokunjamana, kadi za kazi za watu waliotoroka, vyeti vya hospitali na barua ambazo hazikumpata mwenyewe. Bwana akitaka kujua mtu fulani yupo au ameondoka, alitia mkono ndani ya debe akachakura. Akichoka kuchakura, aliamua mwenyewe kama yupo au hayupo.

Habakuki alikaa na debe lile wiki tatu. Alipoinuka palikuwa na kitu ambacho watu wa Korogwe waliokuja kukiona walikisimulia njia nzima. Alikuwa ametengenezesha sanduku la mbao lenye matundu mia tatu. Aliagiza kutoka Tanga vibati mia tatu vya shaba, kila kimoja na namba yake na tundu la kupitishia uzi, ili mfanyakazi akivae shingoni. Wakata mkonge walipewa uzi mwekundu, watu wa toroli mweusi, watu wa mashine ya kusaga majani, yaani korona, mweupe, na wale wa nyumba ya brashi wanaosafisha singa, zile nyuzi za mkonge, walipewa wa kijani. Bwana Kofia akiuliza wagonjwa wa kambi ya pili ni wangapi, alijibiwa kabla hajawasha sigara yake. Mtu mwenye mali yake alikuwa hajawahi kuijua hivyo.

Lakini kitabu kisafi kina gharama yake, na hapa ndipo namlaumu Habakuki, ingawa nampenda. Mwanzoni alichora pia safu ya kijiji cha mtu, ya jina la baba yake, na ya alama ya mwilini. Akaona watu hawatulii. Huyu mwaka huu anatoka Songea, mwaka ujao anatoka Njombe. Huyu ana baba wawili. Kitabu kikajaa mikwaruzo ya kufuta na kuandika upya, na Habakuki akawa halali. Mwishowe alizifuta safu zile tatu kwa mkupuo mmoja. Ikabaki namba, jina, kambi na kazi. Na ili mistari isivurugike katikati ya mwezi, akaweka sheria yake mwenyewe: mgeni anaandikishwa Jumatatu ya kwanza ya mwezi tu. Aliyefika Jumanne, asubiri.

"Baba Kaleb," mkewe Yuditha alimtania siku moja, "kuku wangu amefika leo Jumatano. Naye asubiri Jumatatu, au nimfungulie mlango?"

Habakuki alicheka, lakini sheria hakuibadilisha.

Lazima nieleze kipande, maana bila kipande hakuna kisa. Mfanyakazi wa mkonge alipewa kadi ya siku thelathini. Alipaswa kuzimaliza ndani ya siku arobaini na mbili. Akizipitiliza, kipande kimekufa, na jasho lote lililomo limekwenda na maji. Kwa hiyo watu wa kambini walikuwa na desturi yao ya kushikiana kipande. Mtu akishikwa na homa, au akiitwa kwao kuzika, ndugu au mtani wake alivaa kile kibati akaenda kazini kwa namba yake hadi mwenyewe arudi. Hawakuona kuwa ni udanganyifu. Waliona ni utu, kama kumshikia mwenzio mtoto afunge kanga yake vizuri.

Habakuki alijua. Alijifanya hamnazo. Kila alfajiri chuma cha reli kilipogongwa, alisimama barazani na daftari, akaita namba. Sauti ikijibu "Nipo", alitia alama. Hakuinua kichwa. Angeinua kichwa angeona uso, na uso haukuwa na safu kwenye kitabu chake.

Mwezi wa nne mwaka 1946, mvua za masika zikiwa zimekolea, Kibwana wa Kwaluguru aliletewa habari kwamba mkewe amejifungua. Kibwana alikuwa kijana wa toroli, namba mia na kumi na saba, mpwa wa Mwinjuma, mnyapara wa toroli. Alikuwa na siku ishirini na tatu kwenye kipande chake. Akaondoka alfajiri kwenda Handeni kumwona mwanawe, akimwachia mjomba kibati.

Siku ya sita asubuhi, toroli lililojaa majani mabichi liliruka reli kwenye mteremko wa kuingia korona, likamlalia mtu aliyekuwa akilisukuma. Walipolinyanyua alikuwa ameshakata roho. Shingoni alikuwa na uzi mweusi na kibati cha mia na kumi na saba.

Habakuki alikuja mbio na daftari lake. Mwinjuma alikuwa amepiga magoti kwenye matope, ameshafunika maiti kwa shuka.

"Ni Kibwana," Mwinjuma alisema, bila kumtazama. "Mtoto wa dada yangu. Namwosha mimi, namzika mimi."

Nani amkatalie mjomba maiti wake? Walimwosha, wakamsalia, wakamzika alasiri ileile kwenye makaburi ya Waislamu nyuma ya kambi ya pili. Habakuki, mtu asiyelaza kazi, alikuwa ameshaandika ripoti ya Bwana Kofia, ya ofisi ya kazi na ya bomani. Na kwa kuwa mtu wa baiskeli alikuwa anaondoka na barua za Handeni mchana huo, alimwandikia pia jumbe wa Kwaluguru, kwa heshima na taadhima, kumjulisha kwamba Kibwana amefariki akiwa kazini. Mwinjuma hakujua habari ya barua hiyo. Angejua, angemkimbilia mwenye baiskeli mpaka Segera.

Siku nne baadaye mtu alipiga hodi mlangoni pa ofisi.

"Karibu," Habakuki alisema, kichwa kikiwa kwenye daftari. "Namba?"

"Mia na kumi na saba."

Kalamu ikasimama.

"Nimesikia nimekufa, Bwana Karani," Kibwana alisema. Viatu vyake vilikuwa begani, miguu imejaa tope la njiani. "Jumbe alinisomea barua mwenyewe nikiwa nimempakata mtoto. Mama yangu ameanguka, mpaka leo hajasimama sawasawa. Nimekuja kuuliza nimekufaje."

Habakuki aliinua kichwa, akamtazama Kibwana usoni kwa mara ya kwanza tangu amwandikishe. Alikuwa na mwanya. Miaka mitatu, na hakuwahi kujua kwamba kijana yule ana mwanya.

Mwinjuma aliitwa. Mlango ukafungwa. Mnyapara yule mwenye sauti ya kusikika kutoka korona hadi kambini alisimama mbele ya meza kama mshtakiwa.

"Mzee," Habakuki alisema, "tumemzika nani?"

"Mgeni."

"Mgeni gani? Jina lake?"

"Hakulitaja. Nadhani alikuwa ametoroka kwenye shamba jingine, maana kila gari likipita alijificha. Alisema tumwite vyovyote tutakavyo. Alifika tarehe tisa, akaja hapa mlangoni pako kuomba kazi. Ulimwambia asubiri Jumatatu ya kwanza."

Habakuki alijaribu kumkumbuka. Alifumba macho akatafuta. Watu wangapi aliwaambia maneno hayo! Alichokipata ni miguu tu, miguu mirefu yenye vumbi kwenye kizingiti, na sauti iliyosema "Haya, asante," kisha miguu ikaondoka.

"Alikula nini siku zote hizo?"

"Alikula kwetu. Halafu akaona haya kula bure. Kibwana alipoondoka akaniambia, mzee, nipe kibati hicho nikusaidie, nisile chakula cha watu nimekaa. Nikampa." Mwinjuma alijifuta uso kwa kiganja. "Alipokufa niliogopa. Nitafukuzwa mimi, atafukuzwa mtoto wa dada yangu, na mtoto mchanga yule. Uongo ukanitoka kabla sijaufikiri. Baadaye sikujua jinsi ya kuumeza tena."

Kitabu kilikuwa mezani, na siku sita za alama nzuri za mtu aliyekuwa Kwaluguru akimbeleza mwanawe. Kukisahihisha maana yake ni kwenda bomani kusema kwamba karani wa kitabu kisafi aliandika mtu yupo asipokuwepo, kisha akamwandika amekufa akiwa mzima. Na tukishasema hivyo, Habakuki aliwaza, marehemu atafaidi nini? Hana jina, hana kwao, hana anayemuuliza.

Alililaani wazo hilo baadaye, lakini siku ile lilionekana la busara. Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tano, Kibwana aliandikishwa upya kwa jina la Sadala, namba mia mbili na nne. Watu wa kambini walimwita Marehemu kwa utani, wakimwambia asogee kwani harufu ya udongo haijamtoka. Alicheka nao. Na namba mia na kumi na saba ikabaki.

Ilibaki kweli. Hakuna aliyekubali kuivaa. Habakuki alimpa Mmakonde, akairudisha jioni ileile. Alimpa Mnyamwezi, naye akasema afadhali arudi Tabora kwa miguu. Kila mwezi Habakuki alipochora ukurasa mpya, aliandika mia na kumi na sita, kisha mia na kumi na saba, kisha mia na kumi na nane, na katikati ukawapo mstari mweupe wa vichumba thelathini vitupu. Angeweza kuuruka. Namba ni zake, kitabu ni chake. Hakuuruka. Aliuchora kila mwezi kwa miaka miwili, akauacha wazi, na hakuna aliyejua kwa nini ila mimi ninayekusimulia, na labda Yuditha.

Katika miaka hiyo afisa wa kazi alipita kukagua. Aligeuza kurasa, akafungua matundu ya sanduku, akavuta nyuzi za rangi, akamwambia Bwana Kofia kwamba tangu Tanga mpaka Mombo hajaona kampuni ndogo inayojua watu wake namna ile. Bwana Kofia alimpiga Habakuki begani. Jioni Yuditha aliandaa kuku.

"Umesifiwa, Baba Kaleb, na uso umeukunja," alisema.

"Nimeshiba," Habakuki alijibu, na sahani haikuwa imeguswa.

Mwanamke yule alifika Alhamisi moja ya mwezi wa saba, mwaka 1948, saa za adhuhuri. Alikuwa wa makamo, mwembamba, amejifunga kanga iliyopauka, na kichwani alibeba sufuria iliyofungiwa vitu vyake vyote. Alisimama kwenye kizingiti hasa pale iliposimama ile miguu mirefu ya mgeni.

"Naitwa Grasiana, natoka Songea," alisema. "Namtafuta mume wangu. Nimepita mashamba kumi na moja tangu Muheza. Kila karani ananiambia, nenda kwa Habakuki wa Bwana Kofia, kitabu chake hakikosi mtu. Ndiyo nimekuja, Bwana Karani."

Habakuki alimkalisha kwenye benchi, akampa maji. Halafu akaulizia jina.

"Bonaventura."

Alishusha kidole kwenye majina, ukurasa baada ya ukurasa. Akampata Bonaventura mmoja, wa korona. Akaagiza aitwe. Grasiana alisimama, akashika kifua, macho yameganda mlangoni. Aliyeingia alikuwa mzee mfupi wa Kimakonde, hana meno ya mbele, na mikono imejaa maji ya mkonge. Grasiana alitikisa kichwa. Mzee alimwamkia kwa upole, akamwomba radhi, kama vile ni kosa lake kuwa si mwingine, akarudi kazini.

"Aliletwa pamoja na manamba, watu wa mkataba, kwenye mashamba ya huko chini upande wa pwani," Grasiana aliendelea, akiketi tena. "Mwenzake alirudi nyumbani akatueleza. Bonaventura aligombana na mnyapara, akatoroka kabla mkataba haujaisha. Ilikuwa masika ya mwaka arobaini na sita, mwezi wa nne. Alisema atafuata reli kuja juu, atafute kampuni ndogo ambako hawaulizi sana."

Ambako hawaulizi sana. Habakuki akaiweka kalamu chini.

"Ni mtu wa namna gani?"

"Mrefu. Mpole. Haongei." Grasiana alitabasamu kidogo. "Kila mahali wananiambia, mama, warefu wapole wamejaa."

"Ana alama yoyote?"

Aliinamisha macho, maana haikuwa alama ya kumwambia mwanamume mgeni. "Paja la kushoto, juu kabisa, kovu la moto. Aliangukia mekoni akiwa mdogo. Upana wake kama kiganja changu." Akafungua kiganja, akakitazama. "Nina watoto watatu, Bwana Karani. Mashemeji wanasema amekufa, wanataka shamba. Padre anasema mimi bado ni mke wa mtu. Mwanangu mkubwa ananiuliza kila siku, mama, tunamngoja au tunamlilia? Siwezi kumjibu. Niambie lolote. Hata likiwa baya, nitakwenda nalo nyumbani."

Hilo tu ndilo lililokuwa mezani: neno moja, amekufa au yupo, la kupeleka Songea kwa watoto watatu. Habakuki aliyejua wagonjwa wa kambi ya pili kabla sigara haijawashwa hakuwa nalo. Alimwomba asubiri, akatoka.

Alimkuta Mwinjuma kwenye mteremko wa korona, palepale. Mzee alikuwa amekwisha kupungua mwili miaka ile miwili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, karani."

Habakuki alimweleza yote, haraka haraka, macho yake yakiwa kwenye reli. Alipomaliza kusema habari ya kovu, Mwinjuma aliweka fimbo yake chini.

"Wewe ndiye uliyemwosha," Habakuki alisema. "Niambie. Alikuwa nalo?"

"Mwanangu," Mwinjuma alijibu taratibu, "maiti akilazwa mbele yako umwoshe, amekukabidhi siri yake. Hana mkono wa kujifunika tena. Niliyoyaona pale kitandani siyatoi nje. Nimefundishwa hivyo na babangu, na mimi nitaoshwa hivyohivyo."

"Sikuombi utangaze, mzee. Nitikisie kichwa tu."

"Kichwa nacho kinasema."

"Kuna mwanamke pale amekaa kwenye benchi! Ana watoto!" Sauti ya Habakuki ilipasuka, na watu wa toroli wakageuka. "Ulimdanganyia jina lake mbele ya kaburi. Hiyo siyo siri ya maiti?"

Neno lilimpata Mwinjuma mahali pake. "Ile ilikuwa dhambi yangu, na najua nitaijibu kwa nani. Usinitake niijibie kwa kuongeza nyingine." Akaokota fimbo, akageuka kuondoka. Akasimama. "Huyo mama ametoka mbali?"

"Songea."

"Kwa miguu?"

"Sehemu kubwa."

Mzee alitazama upande wa makaburi, nyuma ya kambi ya pili.

"Mwambie asiende mbele zaidi," alisema. "Nimesema habari ya mama huyo. Habari ya maiti sijaisema."

Habakuki alirudi ofisini polepole, akihesabu hatua bila kujua. Alijua na hakujua. Angesema nini? Kwamba mumeo alikufa kwa namba ya mtu mwingine, akazikwa kwa jina la mtu mwingine na kwa dini ya watu wengine, hapa nyuma, umbali wa kuita na kuitikiwa? Ataulizwa ushahidi. Ushahidi ni mzee aliyesema usiende mbele zaidi. Padre wa Songea atapokea hilo? Mashemeji wakilipokea, watachukua shamba kabla hajafika nyumbani. Na bomani itakuwa kesi, Mwinjuma na uzee wake, Kibwana na mtoto wake, Habakuki na Yuditha na Kaleb. Tena kama amekosea? Kama kovu lilikuwa la mwingine, na Bonaventura yuko hai anakata mkonge Ngomeni? Kitabu kingekata shauri hili kwa mstari mmoja. Safu ya alama ya mwilini. Aliifuta mwenyewe, kwa rula, siku ya jua, akiwa na furaha. Hata hivyo isingesaidia, maana mtu yule hakuandikishwa. Alikuwa akisubiri Jumatatu.

Grasiana alisimama alipomwona.

Habakuki alifunga daftari lililokuwa wazi mezani.

"Hayumo, mama," alisema. "Kitabu changu hakina Bonaventura mwingine."

Lilikuwa neno la kweli. Naapa hakuwahi kusema neno la kweli lililofanana na uongo namna ile.

Grasiana aliitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu anayekubaliana na jambo alilolizoea. Akainama kuinua sufuria yake. Akaiacha. Akaketi chini sakafuni, si kwenye benchi.

"Nimechoka," alisema. "Miguu imekataa kabisa. Mashamba ya mbele ni mangapi?"

"Usiende mbele zaidi," Habakuki alisema haraka. Maneno ya mzee yalimtoka kama yake. "Kaa hapa. Nyumba ya brashi inachukua wanawake. Ukipata nauli utarudi kwenu kwa gari."

Alimtazama kwa macho yaliyojaa shukrani, na Habakuki akatamani ardhi immeze.

"Basi niandike," Grasiana alisema. "Lakini niandike vizuri. Siyo jina tu. Weka na la mume wangu, na la kijiji, na la baba yake. Huenda akapita hapa siku moja akauliza, aone nipo, namngoja."

Ilikuwa Alhamisi, wiki ya tatu ya mwezi. Habakuki alichukua kalamu akamwandikisha siku ileile, kinyume cha sheria yake ya miaka kumi na minne. Jinsi ilivyokuwa rahisi! Aliinama tu akaandika. Hakuna mstari uliopinda, hakuna paa lililoanguka.

Kisha akafungua sanduku kutafuta tundu lenye kibati. Mwaka ule mkonge ulikuwa na bei, watu walikuwa wamejaa. Alipitisha mkono juu ya matundu mia tatu, moja moja, mpaka mwisho, na akarudia toka mwanzo, ingawa alijua tangu kabla hajagusa kifuniko. Palikuwa na namba moja tu isiyo na mtu.

Angeweza kumwambia hakuna nafasi. Angekwenda wapi?

Alitoa uzi mweusi, akatia wa kijani. Fundo likamkatalia mara mbili, Grasiana akamsaidia kulifunga. Aliinamisha shingo, akavaa, akakipangusa kibati kwa ncha ya kanga kikang'aa.

"Kizito kidogo," alisema.

Habakuki aliandika kama alivyoombwa. Safu hazikuwapo, akabana herufi pembezoni: Grasiana, mke wa Bonaventura, na kijiji, na baba mkwe. Kwa hiyo jina la Bonaventura likaingia kitabuni mbele ya namba mia na kumi na saba, mahali lilipopaswa kuwa tangu masika ya mwaka arobaini na sita. Karani alilipuliza likakauka.

Asubuhi yake chuma cha reli kiligongwa. Watu walijipanga mbele ya baraza, wanawake wa brashi upande wa kushoto, watu wa toroli upande wa kulia. Habakuki aliita. Mia na kumi na tano, nipo. Mia na kumi na sita, nipo. Alikuwa amezoea kuruka hapo.

"Mia na kumi na saba," aliita.

"Nipo," Grasiana alijibu, kwa sauti ya mtu aliyelala usingizi mzuri baada ya siku nyingi.

Upande wa kulia Mwinjuma aliinua kichwa, akaona kibati kile kwenye shingo ile. Akajifunika uso kwa mikono miwili, mbele ya watu wake wote, na hakuiondoa. Habakuki, ambaye siku hiyo kwa mara ya kwanza alikuwa amekiinua kichwa chake akiita namba, alimwona. Sasa alijua nani amelala nyuma ya kambi ya pili, na hapakuwa na chochote cha kufanya kwa kujua huko.

Akashusha kalamu, akatia alama. Alipomaliza kuita, safu ya siku ile, toka juu hadi chini, haikuwa na kichumba kitupu hata kimoja.